Betri na Alternata: Mwongozo Kamili wa Kuelewa, Kupima na Kutunza Mfumo wa Chaji wa Gari

Gari linapogoma kuwaka asubuhi, lawama ya kwanza huangukia betri, na mara nyingi mwenye gari huwa ameshaambiwa atafute nyingine kabla hata boneti haijafunguliwa. Hapa Uganda, ambako betri mpya humega mapato ya dereva wa taksi kwa siku kadhaa, kosa hilo ni ghali mno: betri mpya hufungwa juu ya hitilafu ileile ya zamani, gari huwaka vizuri kwa wiki mbili tatu, kisha tatizo hurudi palepale, na safari hii betri mpya nayo imeshaanza kuharibika. Mwongozo huu unakusudia kumwezesha mwenye gari, dereva, au kijana anayejifunza ufundi kupima kabla ya kununua, kwa utaratibu, akitumia mita ya kawaida ya umeme ambayo bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya betri.

Kazi ya betri na kazi ya alternata

Betri ya gari dogo ni ya volti 12, na ndani yake mna vyumba sita vilivyounganishwa kwa mfululizo, kila kimoja kikitoa takriban volti 2.1, ndiyo sababu betri iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Katika kila chumba mna sahani za risasi na sahani za oksidi ya risasi zilizozama kwenye mchanganyiko wa maji na asidi ya salfa. Betri inapotoa umeme, asidi huungana na sahani za pande zote mbili na kufanya salfeti ya risasi, na mchanganyiko unazidi kuwa maji. Inapochajiwa, salfeti hiyo huvunjika na asidi hurudi mahali pake. Salfeti changa huvunjika kwa urahisi, lakini ikiachwa kwa wiki kadhaa huwa fuwele ngumu zisizokubali tena chaji. Kwa hiyo betri iliyoachwa tupu ndani ya gari lililoegeshwa hufa hata kama ilinunuliwa juzi.

Alternata huzungushwa na injini kupitia mkanda. Ndani yake mna rota yenye koili, ambayo hupewa umeme kidogo kupitia kaboni mbili (vipande vidogo vinavyoigusa inapozunguka) ili igeuke sumaku; sumaku hiyo ikizunguka katikati ya koili tatu zisizosogea, umeme huzalishwa. Umeme huo hubadilika mwelekeo wakati wote, na betri haiwezi kuupokea ulivyo, kwa hiyo daiodi, ambazo kwa kawaida ni sita, huunyoosha uende upande mmoja. Regyuleta nayo hufuatilia volti za mfumo na kupunguza au kuongeza umeme unaokwenda kwenye rota, ili volti zisitoke mbali na kati ya 13.8 na 14.5 hata kasi ya injini ikibadilika.

Jambo la kushika hapa ni kwamba injini ikishawaka, taa, feni, redio, pampu ya mafuta na plagi zote hulishwa na alternata. Betri hubaki na kazi ya kuzungusha stata (mota inayoizungusha injini ili iwake), kuziba pengo pale mahitaji yanapozidi uwezo wa alternata, na kutuliza mawimbi ya umeme yasiharibu vifaa. Na hata hiyo kazi ya stata, ingawa ni nzito, haimalizi betri kama watu wanavyodhani. Stata ya injini ndogo ya petroli huvuta kama ampea 150; ikizunguka kwa sekunde 2, imetumia takriban ampea-saa 0.08 (ampea-saa moja ni ampea moja ikivutwa kwa saa nzima), kiasi ambacho hakifiki hata sehemu moja ya mia tano ya betri ya ampea-saa 45, na alternata nzima hukirudisha ndani ya dakika chache tu.

Betri huchoshwa na mambo mengine, na foleni ni mojawapo. Fikiria gari lililokwama jioni kwenye barabara ya Jinja, mvua ikinyesha. Taa mbili za mbele za wati 55 huvuta ampea 9 hivi. Taa ndogo na za nyuma, ampea 2 au 3. Waipa, 4 au 5. Feni ya ndani pamoja na feni ya rejeta, 20 hadi 25. Pampu ya mafuta, plagi na kompyuta ya injini, kama 10. Jumla inakaribia au kupita ampea 45. Alternata iliyoandikwa ampea 70 hutoa kiasi hicho ikiwa injini inakimbia. Injini ikinguruma tu bila kukanyagwa mafuta, huenda ikatoa nusu yake au chini ya hapo. Pengo linalobaki hulipwa na betri, na ndivyo gari linavyoweza kuwa barabarani kwa saa nzima likafika nyumbani na chaji ndogo kuliko liliyoondoka nayo.

Tahadhari na vifaa

Betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, inayolipuka kwa cheche moja. Usivute sigara wala kuwasha kiberiti karibu nayo, vua pete na saa ya chuma, na ukifungua kebo anza na ile ya hasi, kisha wakati wa kufunga iwe ya mwisho. Spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya huku hasi ikiwa bado imefungwa, itachoma mkono na pengine kuilipua betri. Asidi ikirukia jicho, osha kwa maji mengi safi kwa dakika zisizopungua 15, kisha nenda hospitali. Mbali na mita, utahitaji spana ya namba 10, brashi ya waya, maji ya moto, magadi ya kupikia, na mtu wa kukuwashia gari wakati wewe unasoma mita.

Hatua ya kwanza: tazama na ushike

Anza na vichwa vya betri, yaani zile nguzo mbili za risasi zinazofungwa kebo. Ule ukoko mweupe au wa kijani unaoota kwenye kichwa huzuia umeme kupita kwa kiwango ambacho wengi hawakitarajii. Fungua kebo, mwagia magadi yaliyoyeyushwa katika maji ya moto huku ukihakikisha hayaingii ndani ya betri, subiri povu liishe, suuza, kausha, kisha sugua kichwa na upande wa ndani wa kibanio cha kebo mpaka risasi ing'ae. Kibanio kikishafungwa, kishike ukizungushe: kikicheza hata kidogo, bado hakijakaza. Kupachika msumari au kipande cha bati katikati, jinsi inavyofanyika mara nyingi, huacha nukta mbili tatu tu za kugusana, na nukta hizo hupata moto kila stata inapozunguka.

Angalia pia kama betri imefungwa kwenye kiti chake. Katika barabara za changarawe, betri inayorukaruka hukatika sahani zake ndani, na hakuna chaji itakayoiponya. Kisha bonyeza mkanda wa alternata kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ukiingia zaidi ya sentimita moja hivi, umelegea, na ukiwa unang'aa upande wa ndani au una nyufa, umekwisha. Mkanda unaoteleza hulia gari linapowashwa, hasa asubuhi yenye unyevu au taa zikiwashwa.

Kwa betri zenye vifuniko, maji yanapaswa kufunika sahani kwa milimita 10 hadi 15, au kufika mstari wa juu uliochorwa ubavuni. Yakipungua ongeza maji ya betri yaliyotoneshwa, na uongeze baada ya kuchaji, isipokuwa sahani zimeanza kuonekana. Maji ya bomba, au ya mvua yaliyopita kwenye paa la bati, yana madini yanayoharibu sahani.

Hatua ya pili: pima betri ikiwa imetulia

Gari likae saa kadhaa bila kuwashwa, vyema usiku kucha. Weka mita kwenye volti za DC (umeme wa mwelekeo mmoja), ncha nyekundu kwenye kichwa cha chanya na nyeusi kwenye hasi. Volti 12.6 au zaidi ni betri iliyojaa; 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Chini ya 11.9 imekwisha. Ukipima gari lililozimwa sasa hivi utasoma namba ya juu inayodanganya, kwa hiyo kama huna muda wa kusubiri, washa taa kubwa kwa dakika mbili, zizime, ngoja dakika chache, ndipo upime.

Betri ikiwa chini ya 12.4, ichaji kwa chaja kabla ya kuendelea, la sivyo vipimo vinavyofuata havitakuwa na maana. Kasi ya chaji iliyo salama ni kama sehemu ya kumi ya uwezo wake: ampea 4 au 5 kwa betri ya ampea-saa 45. Ikijaa, iache saa chache na upime tena. Betri iliyochajiwa kikamilifu ikashuka yenyewe hadi chini ya 12.4 kufikia kesho yake, huku kebo zikiwa zimefunguliwa, ina kasoro ya ndani. Mwenye haidromita, kifaa cha kupima uzito wa asidi, anaweza kuthibitisha kwa kupima kila chumba: asidi ya betri iliyojaa husoma karibu 1.265 hadi 1.280, na chumba kimoja kikiwa chini ya vingine kwa zaidi ya 0.050, hapo ndipo penye ugonjwa.

Hatua ya tatu: pima stata inapozunguka

Mita ikiwa bado kwenye vichwa vya betri, mwambie msaidizi wako awashe gari huku wewe ukitazama namba. Itashuka ghafla, kisha itapanda injini ikishika. Kwa betri iliyojaa na katika hali ya hewa yetu, isishuke chini ya volti 9.6. Ikishuka chini ya hapo na stata ikizunguka kwa uchovu, betri imechoka, au stata inavuta umeme kupita kiasi. Lakini ikibaki juu, tuseme 11.5, na stata bado inazunguka kwa uchovu au inatoa mlio wa “tak” tu, betri usiiguse: umeme upo, ila haufiki kwenye stata, na jibu liko katika hatua ya tano.

Hatua ya nne: pima chaji

Injini ikiwa inawaka kwa mizunguko kama 2,000 kwa dakika na kila kitu kikiwa kimezimwa, mita isome kati ya 13.8 na 14.6. Washa taa kubwa, feni na waipa. Volti zitashuka kidogo, lakini zisipite chini ya 13.2 injini ikiwa kwenye kasi ileile. Zikibaki kwenye 12 na kitu na kuendelea kushuka, hakuna chaji. Zikipita 14.8 na kuelekea 15 au zaidi, regyuleta imeshindwa kazi: betri itachemka, itatoa harufu ya mayai yaliyooza, na taa zitaungua moja baada ya nyingine. Hitilafu hii ya kuchaji kupita kiasi huua betri nyingi ambazo lawama yake hupewa joto la Gulu au Arua. Joto kweli hufupisha maisha ya betri, ila haliivimbishi ubavu ndani ya mwezi.

Magari mapya kidogo kutoka Japani yana chaji inayoongozwa na kompyuta, na huko volti zinaweza kushuka hadi karibu 12.8 kwa muda kisha zikapanda. Ukikutana na gari la namna hiyo, washa taa na feni, uangalie kama volti zinapanda. Zikipanda, mfumo ni mzima.

Kuna kipimo kingine cha daiodi ambacho mafundi wengi hukiruka. Geuza mita kwenye volti za AC (umeme unaobadilika mwelekeo), injini ikiwa inawaka na taa zimewashwa, na upime kwenye vichwa vya betri. Ikizidi 0.5, huenda daiodi moja au zaidi imekufa. Alternata ya namna hii huonyesha volti za kawaida za DC huku nguvu yake ikiwa imepungua sana. Mita nyingine za bei rahisi husoma uongo katika kipimo hiki, kwa hiyo jaribu kwanza injini ikiwa imezimwa: isiposoma sifuri, mita hiyo haifai.

Hatua ya tano: tafuta umeme unapopotelea

Ningeomba kila fundi kijana ajifunze hatua hii kuliko nyingine zote, kwa maana inafumbua matatizo ambayo kubadilisha vipuri hakuyamalizi. Chukua Hiace ya taksi yenye umri mkubwa. Kwenye bolti ya alternata unasoma volti 14.3, kwenye vichwa vya betri unasoma 13.4. Alternata ni nzima, betri ni nzima, lakini volti 0.9 zinapotea njiani, na betri inayopewa 13.4 haitajaa vizuri. Ukikata ganda la kebo karibu na kibanio unakuta shaba imegeuka unga wa kijani, ilhali kwa nje kebo inaonekana safi.

Pima hivi. Injini ikiwa inakimbia kiasi na taa na feni zimewashwa, weka ncha moja kwenye bolti kubwa ya alternata na nyingine kwenye kichwa chenyewe cha chanya cha betri. Mita inakuonyesha moja kwa moja volti zinazopotea, nazo zisizidi 0.2. Rudia upande wa hasi: ncha moja kwenye bodi ya alternata, nyingine kwenye kichwa cha hasi, hapa pia zisizidi 0.2. Kwa upande wa stata, pima wakati inazunguka: kati ya chanya ya betri na bolti ya stata isizidi 0.5, na kati ya hasi ya betri na chuma cha injini isizidi 0.3. Namba ikiwa kubwa, sogeza ncha kiungo kwa kiungo, kutoka kichwa hadi kibanio, kutoka kibanio hadi kebo, mpaka uone mahali inaporuka. Hapo ndipo pa kusafisha au kubadilisha.

Usisahau waya wa ardhi kati ya injini na bodi. Injini ikishushwa na kurudishwa, waya huu husahaulika mara kwa mara, na umeme wa stata hujitafutia njia nyingine, hata kupitia kebo ya kuongezea mafuta, ambayo huweza kupata moto na kukwama.

Hatua ya sita: gari linalokunywa betri likiwa limezimwa

Vipimo vyote vikiwa vizuri na bado betri inalala, kuna kitu kinachovuta umeme usiku. Zima kila kitu, fungua kebo ya hasi, na uweke mita kwenye tundu la ampea 10 katikati ya kebo na kichwa. Ngoja nusu saa kompyuta za gari zilale, na usijaribu kuwasha injini mita ikiwa hapo, kwa kuwa fyuzi yake itakatika papo hapo. Gari lisilo na hitilafu huvuta hadi ampea 0.05, yaani ampea-saa 1.2 kwa siku, na betri inaweza kuvumilia hilo kwa wiki mbili. Likivuta ampea 0.5, litaimaliza betri ndogo ndani ya siku tatu au nne. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Fyuzi hiyo itakuonyesha sakiti yenye kosa, ambayo mara nyingi ni king'ora, kifaa cha kufuatilia gari, au redio iliyofungwa baadaye. Namba isiposhuka kwa fyuzi yoyote, shika alternata asubuhi kabla ya kuwasha gari. Ikiwa na uvuguvugu ilhali injini ni baridi, daiodi yake inavuja.

Taa ya betri kwenye dashibodi

Ufunguo ukigeuzwa kabla ya kuwasha, taa hii lazima iwake, na injini ikishika lazima izime. Isipowaka kabisa, ishughulikie, kwa sababu katika alternata nyingi za zamani umeme wa kwanza wa kuamsha rota hupitia kwenye taa hiyohiyo, na balbu iliyoungua inaweza kumaanisha kukosa chaji. Ikififia badala ya kuzima, shuku daiodi au kaboni zilizokwisha. Ikiwaka safarini, angalia haraka kipimo cha joto: katika magari mengi mkanda wa alternata huzungusha pia pampu ya maji, na ukikatika, injini itachemka kabla betri haijaisha.

Mazoea ya kuachwa

La hatari kuliko yote ni kuchomoa kebo ya betri injini ikiwa inawaka ili kuona kama alternata inafanya kazi. Betri ikiondolewa ghafla, volti hupanda kwa kufumba na kufumbua hadi makumi kadhaa, zikatosha kuua daiodi, regyuleta, na kompyuta ya injini. Jaribio hilo lilivumilika katika magari ya dinamo; leo ni uharibifu, na mita inatoa jibu bora zaidi bila hatari yoyote. Ukimwona fundi anaelekea kulifanya, mzuie.

Kuongeza asidi kwenye betri iliyochoka ni zoea jingine. Asidi iliyozidi hula sahani, na betri hufufuka kwa siku chache tu. Wenye malori na mabasi ya volti 24, nao, huvuta volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili kwa ajili ya redio au kuchaji simu. Betri inayovutwa hubaki na upungufu, mwenzake hupewa chaji kupita kiasi, na zote mbili hufa mapema. Tumia kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12.

Kushtua gari kwa betri ya gari jingine kuna mpangilio wake: kebo nyekundu kwenye chanya ya betri iliyolala, kisha chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, kisha kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililolala, mbali na betri yake. Kebo ziondolewe kwa mpangilio wa kinyume. Gari likishawaka, usitegemee alternata ijaze betri iliyokwisha chaji kabisa, kwani itafanya kazi kwa nguvu zake zote na kupata moto. Ipeleke betri kwenye chaja siku hiyohiyo.

Iwapo ni lazima ununue

Soma maandishi ya betri iliyotoka. Katika namba kama 55B24L, 55 ni daraja la nguvu, B ni kundi la upana na kimo, 24 ni urefu kwa sentimita, na L huonyesha upande wa vichwa. Ukichukua R, kebo hazitafika au zitavutwa. Herufi S mwishoni ni ya vichwa vinene. Gari lenye mfumo wa kuzima injini lenyewe kwenye taa za barabarani linahitaji betri iliyotengenezwa kwa mfumo huo. Kabla ya kulipa, iwe ni Soko la Kisekka au duka lolote, omba tarehe ya kutengenezwa na uipime palepale: betri iliyokaa rafuni na kushuka chini ya 12.4 imeshaanza kuota salfeti. Ukishaifunga, rudia hatua ya nne na ya tano siku hiyohiyo na uandike namba ulizozipata.

Ile ya zamani mrudishie muuzaji, ambaye kwa kawaida huipokea na kupunguza bei kwa ajili ya risasi iliyomo. Usiipasue nyumbani wala kumwaga asidi yake mferejini; mitaro mingi ya Kampala humwaga maji yake kwenye mfereji wa Nakivubo, na mfereji huo huishia katika Ziwa Viktoria.